Tikiti Kubwa la Futari

Jumatatu, 3 Machi

Nimenyunyiza tangu alfajiri. Mabomba manne, mistari yote ya bondeni. Dawa ya kukuzia matikiti, niliyouziwa dukani Kilwa Masoko. Mistari miwili ya karibu na nyumba sijaigusa. Hiyo yetu. Ndivyo tunavyofanya wengi hapa Kikole, cha soko mbali, cha kula nyumbani mbali. Hakuna anayelisema. Swaumu imenibana, mdomo mchungu. Nimesukutua mpaka nimechoka.

Alhamisi, 6 Machi

Yananenepa. Yanatisha, kusema kweli. Asubuhi mawili nimeyakuta yamepasuka yenyewe, ndani meupe. Nimeyafukia kabla watoto hawajaamka. Ndipo nikasoma karatasi ya chupa, maandishi madogo kama chawa. Usivune mpaka wiki mbili zipite. Chande, dalali wa Lindi, anakuja kupakia Jumapili. Nina hasira. Na nani, sijui.

Jumamosi, 8 Machi

Siwezi kukaa kitako. Mke wangu Mwanaidi kaenda bondeni mwenyewe kuchuma tikiti la futari, la kumpelekea mdogo wangu Zuhura. Kachagua kubwa kuliko yote. Kwao na kwetu ni hivyo hivyo, mavuno ya kwanza unampa mtu kilicho bora. Ya karibu na nyumba kayaona yamedumaa, aibu kumpa mtu. Hana kosa. Sikuwahi kumwambia, niliona haya.

Nimejua magharibi, sinia lishatoka. Zuhura ana mimba ya miezi saba. Nimekimbia na tende mdomoni. Nikakuta maganda. Nusu kala peke yake, nusu watoto wake wamemaliza.

"Shikamoo kaka. Tamu hilo, kesho niletee jingine."

Nikaitikia marahaba. Nikasema nitaleta. Mjinga mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Mwanaidi baada ya daku. Hakufoka. Kauliza kitu kimoja tu, kwani huko Lindi hakuna wenye mimba?

Tukaenda kwa Zuhura, nikasema yote mbele ya mumewe. Tukampeleka zahanati. Nesi kamsikiliza mtoto, mapigo mazuri, anacheza. Nikamwonyesha chupa. Kaigeuza geuza, kasema dawa hii haijui, hawezi kuniambia kama ina neno au haina. Arudi wiki ijayo wamwangalie tena. Hilo ndilo linanikera mpaka sasa. Nesi hajui, muuza duka hajui, mimi ndiyo kabisa, na bomba liko mgongoni mwangu.

Kurudi, Zuhura katangulia mbele peke yake.

Chande kaja mchana na gari. Nimemwambia hayavunwi. Kagonga moja kwa kidole, kaona limeiva, kanitukana mimi na ukoo wangu. Kaondoka gari tupu. Najua kwangu harudi.

Jumatano, 12 Machi

Mengine yamepasuka. Nzi wamejaa bondeni. Nachimba shimo, nafukia.

Ijumaa, 14 Machi

Zuhura na mumewe wamekuja kufuturu. Mwanaidi ndiye aliyewaita. Sikuwatarajia.

Tumekaa mkekani. Uji, tende, muhogo wa nazi. Zuhura kanywa uji. Muhogo kaushika, hakuupeleka mdomoni.

"Kaka, huu wa shamba lako?"

Ni wa shamba langu, na muhogo haunyunyiziwi kitu, anajua kama mimi nijuavyo. Nikamwambia hapana, tumenunua kwa jirani.

Akala.