Miaka Arobaini na Moja ya Kipanga

Kakamega
9 Februari 1964

Kaka Phineas,

Kabla hata sijakuuliza hali yako, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Jael ambaye vitanda vyetu vimepakana hapa bwenini. Yule "Msomaji wa Kakamega" anayeandika katika ukurasa wa wasomaji wa jarida la Darubini ni mimi. Nimeandika mara tatu na mara mbili nimechapishwa.

Sasa nakusalimu vizuri. Mimi ni mzima. Mama nilimwacha Navakholo akiwa mzima pia, ila goti linamsumbua akichuma mboga. Je, baridi ya Nakuru umeizoea?

Darubini ina hadithi ya kila mwezi kuhusu Kipanga, chombo kinachosafiri hadi kwenye nyota. Nahodha wake anaitwa Kibiwott. Katika sehemu ya pili fundi anafungua daftari la chombo na kusoma kwamba Kipanga kimetumika miaka arobaini na moja na kimekwenda safari tisa. Lakini katika sehemu ya sita nahodha anasema chombo kilijengwa mwaka aliozaliwa, naye ana miaka thelathini. Tena mlango wa kushoto ulikuwa na alama ya moto, na katika sehemu ya saba hauna.

Wasomaji wanabishana. Mwalimu mmoja wa Kitale anasema ni kosa la mpiga chapa. Ishaq wa Mumias anasema Kipanga kilipita mahali ambapo miaka hukimbia. Mimi sikubaliani na yeyote, ila sina jibu langu. Wewe unashinda na mitambo. Unaonaje?

Kwenye bahasha nimeandika Erastus, kama wewe na Mama mlivyonifundisha.

Dada yako,
Teresa


Nakuru
1 Machi 1964

Mdogo wangu Teresa,

Salamu nimezipokea, nami nakurudishia zangu. Niko salama. Baridi haizoeleki, inavumiliwa tu. Mwambie Mama nitatuma dawa ya kuchua goti.

Barua yako niliisoma wakati wa chakula, na ile sehemu ya Kipanga nikaisoma kwa sauti. Karani wetu Sylvanus akasema, "Huyo msichana wenu asomee uhakimu." Mustafa, dereva mzee wa gari moshi kutoka huko kwetu upande wa Mumias, akauliza hicho chombo kinakula makaa au mafuta. Nikamwambia haijaandikwa. Akasema, "Basi huyo mwandishi hajawahi kuendesha kitu."

Nikueleze tunavyofanya hapa. Kila injini ina kadi yake, inaandikwa maili ilizotembea, na lini ilibadilishwa boila, lile tangi la kuchemshia maji. Kadi ikisema injini ni kuukuu na chuma kinaonekana kipya, fundi hatafuti sababu kwenye nyota. Anauliza kadi hii ni ya nani. Huenda injini ya kwanza ilikufa na ya pili ikapewa kadi yake ili isikae bure ikingoja karatasi. Mustafa husema kadi ni maneno ya karani, yeye anasikiliza chuma. Hapo Sylvanus hununa.

Sasa tunalinunua hilo jarida kwa zamu, na Sylvanus ndiye hutusomea. Umetutia ugonjwa.

Soma kwa bidii. Hesabu usiziache nyuma.

Kaka yako,
Phineas


Kakamega
3 Mei 1964

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya kama inavyoniacha mimi. Likizo ilikwisha vizuri. Mama alinichinjia ingokho, kuku mzima, nikala na obusuma, ule ugali wake mgumu, mpaka akanicheka. Dawa ya goti ilifika.

Nina habari. Maelezo yako ya kadi niliyatumia. Niliandika kwamba Kipanga ni viwili. Cha kwanza kiliungua, ndiyo maana mlango ulikuwa na alama, na cha pili kikapewa jina lake na daftari lake ili kiruhusiwe kuruka. Nahodha anajua lakini hasemi. Jarida la Mei limetoka leo, na mhariri ameandika kwamba barua ya Msomaji wa Kakamega ndiyo bora kuliko zote na itachapishwa nzima mwezi wa Juni.

Mhariri hupenda mfano wa kweli, kwa hiyo niliutia. Nakunakilia: "Ndugu Mhariri, jambo hili si geni. Kwetu jina la marehemu hupewa aliye hai ili lisipotee. Kaka yangu ni fundi katika banda la injini la Nakuru. Kazini anaitwa Erastus, kwa jina na cheti cha darasa la nane cha kaka yetu mkubwa aliyefariki mwaka 1956, na hakuna injini iliyolalamika."

Hilo la mwisho nililiandika kwa sababu ya Mustafa. Nakumbuka siku Mama alipokitoa cheti kwenye sanduku la bati akakupa. Nilikuwa na miaka minane na niliona ni jambo zuri.

Waambie rafiki zako wasikose kununua la Juni.

Dada yako,
Teresa


Nakuru
10 Mei 1964

Teresa,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa mwili.

Kosa ni letu, mimi na Mama, kwa kutokukwambia. Jina la marehemu kupewa mtu, hilo ni la kwetu na halina ubaya. Cheti ni cha serikali. Mimi niliishia darasa la sita. Nilipoomba kazi mwaka 1957 walitaka la nane, nikapeleka cha Erastus na kusema ndiye mimi. Miaka saba nimetengeneza injini zao kwa mikono hii, lakini kwa kadi ya mtu mwingine.

Msimamizi wetu Mzungu anarudi kwao na nafasi yake inatolewa kwa Mwafrika. Nimeitwa kwenye usaili tarehe 12 Juni na faili langu litafunguliwa. Hapa wote wanasoma Darubini, na Sylvanus ndiye anayepeleka mafaili. Nikijulikana, sitapoteza cheo tu. Nitafukuzwa na huenda nikafungwa.

Mwandikie mhariri aiondoe barua. Hii ichome.

Kaka yako


Nakuru
27 Mei 1964

Teresa,

Hujambo? Sijapata jibu. Mhariri amekubali? Ukimwomba aiondoe bila sababu, atataka kujua kwa nini, na nimeambiwa watu wa magazeti hufuata hapo hapo palipofichwa. Sijui nikushauri nini. Mama nimemwandikia asikugombeze.

Nijibu hata mstari mmoja.

Phineas


Kakamega
12 Julai 1964

Kaka Phineas,

Nakusalimu, na naomba unisamehe kwa kukaa kimya. Mimi sijambo. Mama pia hajambo, na amenionyesha barua yako inayosema umepewa cheo. Nimefurahi.

Sikukujibu kwa sababu sikutaka barua nyingine yenye maneno hayo ipite posta kabla ya usaili wako. Nikueleze nilivyofanya.

Nilifikiri kama ulivyofikiri, kwamba kuomba tu kungemfanya mhariri aulize. Kwa hiyo tarehe 14 Mei nilimwandikia kwamba nilidanganya. Nilisema kaka yangu Erastus yu hai, ndiye fundi wa Nakuru, ana cheti chake mwenyewe, na kwamba yule kaka aliyefariki nilimbuni ili barua yangu ishinde. Niliandika kwamba hatukuwahi kufiwa. Nikaweka jina langu kamili na la shule, ili ionekane ni toba ya kweli.

Jarida la Juni halikuchapa barua yangu. Mahali pake paliandikwa kwamba Teresa Khalayi wa Kakamega amekiri kubuni ushahidi, barua zake hazitachapishwa tena katika ukurasa wa wasomaji, na vijana wajifunze. Ushindi alipewa Ishaq wa Mumias na miaka yake inayokimbia. Huenda Sylvanus aliwasomea. Kama waliuliza, natumaini ulicheka.

Nililipeleka jarida kwa mwalimu mkuu mimi mwenyewe kabla hajaletewa na mtu. Alinipa adhabu ya kufyeka nyasi wiki mbili. Jael alikuja na panga lake siku ya kwanza akafyeka kando yangu. Akauliza, "Kwani ulikuwa unatafuta nini kwa hao watu?" Nikasema nilitaka kujua chombo kina miaka mingapi. Akasema, "Na umejua?" Wasichana wengine sasa wananiita Kipanga, nami naitika.

Bado naamini ni viwili. Na naona zile safari ambazo cha pili kilikwenda ni zake, daftari liseme lisemavyo. Hilo sitamwandikia mhariri.

Jana Jumamosi nilipata ruhusa nikaenda Navakholo. Nilichukua jembe, nikapalilia kaburi la Erastus pande zote. Mama aliniuliza kwa nini leo, nikamwambia magugu yamezidi. Nikanawa mikono, nikala, nikarudi shuleni kabla ya kengele ya jioni.

Dada yako,
Teresa