Kesi ya Lenzi ya Baba

Karatu

Dada yangu Mama Neema,

Shikamoo. Natumai wewe na shemeji ni wazima, na kwamba kifua cha Neema kimepona kabla hatujamuaga kwenye sendofu yake. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku mwezi huu inaingia mpaka kwenye mifupa, na ukungu unashuka kutoka Ngorongoro hadi asubuhi tunawasha taa studio. Ningeweza kukupigia simu, lakini tukipigiana tunaishia kugombana na wewe ndiye unayekata. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Nimesikia umemwambia baba asikanyage kwenye sendofu. Kwanza ilikuwa asishike kamera, nikanyamaza. Sasa hata kukaa hatakiwi, kwa sababu aliharibu picha za harusi yako, na mama alipofariki muda mfupi baadaye hukubaki na picha yake hata moja yenye uso unaoonekana. Wewe unasema baba alikuwa amelewa. Yeye miaka yote amesema ni lenzi.

Nilipokuja huku kutafuta maisha alinipa ile lenzi ndani ya soksi, pamoja na negativu zake za zamani, zikiwemo za harusi yako. "Huko kwa watalii wapo wajuzi," aliniambia. "Waulize kama ni mimi au ni yenyewe." Nilikuwa sijauliza. Uliposema asije, nikaitoa.

Bosi wangu Tluway, mwenye studio, alicheka kabla hata hajaishika. Lenzi za aina hiyo wapiga picha wa hapa wanaziita kitako cha soda, eti ni sawa na kuchungulia kupitia chupa. "Baba yako alionewa," alisema. "Hii ni takataka tangu kiwandani." Nilifurahi mno. Lakini alikuwepo Lemburis, mpiga picha kutoka Wasso aliyekuja kusafisha picha zake, na yeye anayo kama hiyo hiyo, ndiyo inayomlisha.

"Wewe unafuata maneno ya watu tu," alimwambia Tluway. "Umewahi kuitumia?"

"Niitumie ya nini?"

"Basi leta kamera hapa. Ukilifungua tundu lake la mwanga lote inatoa ukungu, sikatai. Lifunge kidogo halafu uniambie."

Tukatoka nje, wakawa wanakipiga picha kibao cha duka la vifaa vya ujenzi huku wanabishana, mara tundu liko wazi lote, mara limefungwa kidogo. Tuliporudi kwenye kompyuta, zile za lenzi ikiwa wazi zilikuwa na ukungu kama alivyosema. Zile nyingine herufi zote zilisomeka, hata kutu ya misumari. Tluway alikubali kwa shingo upande, kisha akanigeukia mimi. "Basi lenzi ni nzima. Aliyeishika ndiye hakujua."

Nikaona umeshinda.

Lemburis ndiye aliyetaka kuona negativu. Tukaziweka juu ya taa. Unajua kazi ya baba ilivyokuwa, dada: picha za wageni aliwauzia wageni wenyewe, zako akakuletea wewe. Hizo nyingine hukuwahi kuziona. Kwaya, washenga, shemeji na ndugu zake, wote wametoka safi kabisa. Zilizoharibika ni zile tu ulizosimama na mama. Mkanda mmoja, siku moja.

"Mlevi angeharibu zote," alisema Lemburis. Safari hii Tluway hakubisha.

Nikampigia baba. Nikamweleza tulichokiona.

"Wiki ile daktari alikuwa ameshaniambia kwamba mama yenu hatapona," akasema. "Mama yenu mwenyewe akaniapisha nisiseme, harusi isiguswe. Sasa nikiwatazama wale wawili ndani ya kamera, machozi yananijaa. Nazungusha lenzi, haikai. Nazungusha tena. Mwisho nikabonyeza tu. Nilikuwa naomba Mungu iwe ni lenzi."

Nikamuuliza kwa nini alikubali kuitwa mlevi.

"Ningemwambia nini dada yako? Kwamba nilijua, nikamwacha acheze?"

Nina hasira na wewe, dada, sitakuficha. Nina huruma na wewe pia, maana mama alikuwa wako kama alivyokuwa wangu. Lakini mzee yule amebeba jina baya miaka yote hii ili harusi yako ibaki harusi.

Nisalimie shemeji, bibi harusi wetu, shangazi wa Iramba na mama mkwe wako.

Kuna jambo moja zaidi. Katika picha ya kwaya, nyuma ya waimbaji, mama amesimama anafunga kanga, anacheka. Baba alikuwa anatazama kwaya, hakujua kama yumo. Uso wote unaonekana, hadi mwanya. Tluway ameisafisha kubwa na nimeituma kwa basi. Bahasha ina jina la baba, na konda nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote. Ukitaka kumwona mama, mwite baba.

Ni mimi mdogo wako,
Elia