Mpira wa Kufungia Kabichi

Papa mpendwa,

Mdogo wangu Bahati amekataa tena sambaza, vile visamaki vya ziwani, nilizomkaangia, kwa hiyo nimekaa kukuandikia wewe, ambaye maisha yako yote hukuwahi kukataa chakula cha mtu.

Unaikumbuka siku volkano iliposhuka mjini? Nilikuwa na miaka tisa. Mama alitangulia, Bahati mgongoni. Mimi nilikimbilia chukudu yako, ile baiskeli ya mbao uliyoshushia kabichi kutoka Kibumba, nikajikalisha mbele, pale ulipozoea kunipakiza Jumapili. Ukanishusha. Ukampakiza koko, bibi jirani, yule yule aliyekutukana wiki nzima kwa sababu ulipitisha gurudumu juu ya maharagwe yake aliyoyaanika. Nililia mpaka sauti ikakauka.

"Mwenye iko na miguu atembee," ulisema. "Koko hana yake."

Kisha ukachukua mpira wa kufungia kabichi, ukanifunga mkononi, na ncha ya pili ukaifunga kwenye chukudu. Barabara ilijaa watu, na watoto wengi walipotea siku ile. Mimi nilichoona ni kwamba nimefungwa kama mbuzi wa sokoni, huku koko amekalia nafasi yangu na anakuamuru upunguze mwendo kwenye mawe. Tulifika Sake sote, na mkono wangu ulikuwa na alama.

Nilikununia miezi. Kila Jumapili ulisimamisha chukudu mlangoni, ukangoja kidogo, kisha ukaenda peke yako. Siku niliyopanda tena ulipiga mluzi njia nzima hadi Kituku, na mluzi wako, Papa, Mungu akusamehe, ulikuwa mbaya.

Sasa mimi ni muuguzi. Waasi walipokaribia mji, kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni mwa hospitali na kumfunga kila majeruhi utepe mkononi: mwekundu aingie kwa daktari mara moja, wa njano asubiri. Daktari wa upasuaji alikuwa mmoja tu. Asubuhi moja waliletwa pamoja mama nisiyemjua, mwenye mimba kubwa, damu inamtoka tumboni, na Bahati wetu, risasi mguuni. Yule mama nilimfunga mwekundu. Bahati nilimfunga wa njano, nikamwambia angoje kidogo. Nyuma yao wakaja wekundu wengine, Papa, na wengine tena, mpaka jua likazama. Yule mama na mtoto wake wako hai. Mguu wa Bahati ulikatwa.

Nilishika neno lako, na neno lako limekula mguu wa mwanao.

Jumapili iliyopita alinisemesha kwa mara ya kwanza tangu akatwe. "Ulikuwa unaweza kunifunga ile nyekundu, yaya, wewe dada yangu. Nani angekuuliza?"

Nikamjibu kweli: hakuna. Nilitaka kumsimulia habari ya koko na ule mpira, nikaona haya. Mtu aliyebaki na mguu mmoja utamwambiaje kwamba mwenye miguu atembee?

Nampenda. Na leo nikisimamishwa tena pale mlangoni, nitafunga vile vile, kisha nitakwenda kulia chooni kama nilivyolia siku ile. Jumapili nitarudi kwake na sahani yangu, nitangoja kidogo mlangoni, halafu nitaondoka. Hilo nimejifunza kwako.

Sikuulizi kama nilikosea. Nataka kujua kitu kimoja, ambacho utotoni sikukitazama kwa sababu nilikuwa nalilia nafasi yangu: ulipokuwa unakaza ule mpira, mikono yako ilitetemeka? Yangu ilitetemeka hata utepe ukaanguka chini. Bahati mwenyewe aliuokota, akanipa.

Pumzika, Papa. Msalimie koko, na asikutukane huko.

Binti yako,
mwenye miguu