Hodi Imeitikiwa Ghalani

Deo, mtani wangu,

Kaa vizuri huko uliko, maana leo sikuandikii kulia. Kulia nililia siku ile makaburini mbele ya wakwe zako, Msukuma mzima na kifua changu hiki, mpaka shangazi yako akauliza kwa sauti, "Huyu naye ni mjane mwingine?" Watu wakacheka msibani. Ungefurahi. Leo nakuandikia kwa sababu kompyuta ya mhasibu imebisha hodi na ya ghalani imeitika. Najua nimeanza na mwisho. Subira sina, ulinijua hivyo.

Tangu utuache, banda letu la ufundi la Kibaoni lilikuwa limefungwa. Nilikuwa nikipita hapo na baiskeli nageuza uso kama mtu anayemkwepa mkwe wake. Mjini hapa wakasema fundi alikuwa marehemu, Shija alikuwa mbeba ngazi tu. Mimi! Mimi niliyekwenda na malori mpaka Lubumbashi, niliyetukanwa na polisi wa nchi tatu na nikawajibu kila mmoja kwa lugha yake! Lakini hapa tuko wawili, Deo, nikwambie kweli: iliniuma kwa sababu hawakukosea sana. Wewe ulikuwa vidole, mimi nilikuwa mabega. Wewe ulikaa kwenye stuli ukibana vichwa vya waya, mimi nilikuwa darini nagombana na popo.

Halafu mkeo, Shemeji Vero, akapata mteja wa Kidatu, anataka sanduku lako lote la vifaa. Aliniita nyumbani, akanipa chai, akasema: "Shemeji, siwezi kukaa natazama koleo la Deo linashika kutu. Ile kazi ya ushirika aliiacha nusu. Nenda kaimalize, nitakuja kuona kwa macho yangu. Ukiweza, fungua banda. Ukishindwa, vifaa viende Kidatu na mimi nirudi Sanje kwa mama." Alisema polepole, bila kunitazama. Chai ikanishinda. Umewahi kuniona mimi chai inanishinda?

Kazi yenyewe unaikumbuka. Ofisi ya mhasibu iko upande huu wa uwanja, ghala la mpunga upande ule. Zubeda anapima magunia ghalani, anaandika kwenye kompyuta yake, kisha anakimbia na karatasi juani kumpelekea mhasibu, na wakulima wamekaa juu ya magunia yao wanasubiri. Ulitaka hesabu zivuke uwanja zenyewe. Waya tuliupitisha chini ya paa, ukaubana kichwa upande wa ghalani, ukasema, "Kesho tunamalizia kwa mhasibu." Kesho yako ikawa hospitali, na upande wa mhasibu ukabaki unaning'inia dirishani, mikia minane ya rangi nje.

Basi leo nikaingia na shati langu nililonunua Nakonde enzi za malori, lile la maua. Mhasibu, Mama Kalista, nikampa shikamoo yake kwa heshima zote. Shemeji kakaa kwenye benchi, sanduku lako mapajani, kalikumbatia kama mtoto wa mtu. Nikakaa kwenye stuli. Nikazipanga rangi, nikabana, nikachomeka kwenye kile kiboksi chenye taa kinachogawa mtandao. Taa ya kompyuta ya mhasibu ikawaka. Ya ghalani haikuwaka. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu, "Hii taa imeungua." Unanicheka? Subiri kwanza.

Nikafungua lile dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta ya mhasibu. Nikaandika ile amri ya ping, ile uliyokuwa ukiiita kubisha hodi, nikaweka anwani, nikabonyeza. Deo! Ikajibu! Ikajibu tena, na tena! Nikaruka. Nikampigia shemeji saluti, nikatoka barazani nikawatangazia wakulima kwamba Lubumbashi yote hakuna fundi kama huyu. Wakapiga makofi. Mzee mmoja akasimama juu ya gunia kabisa.

Zubeda akachungulia mlangoni pa ghala, kashika ufunguo, akaita: "Fundi, kwani imejibu nini? Mimi kompyuta yangu sijaiwasha!"

Nilikuwa nimeandika anwani ya ileile kompyuta niliyokaa mbele yake. Ilibisha hodi mlangoni kwake na kujikaribisha yenyewe. Uwanja mzima ulicheka mpaka njiwa wakaruka juu ya ghala. "Fundi, mpunga utaota humuhumu kwenye magunia!" Mama Kalista alivua miwani akafuta machozi. Hata mimi nilicheka, ningefanyaje? Ila nilipogeuka, shemeji alikuwa hacheki. Alikuwa anafunga vibanio vya sanduku, kimoja, halafu cha pili. Na simu ilikuwa mkononi.

Hapo ndipo ule mzaha wangu wote ulipoisha, ndugu yangu.

Nikamwambia, "Shemeji, nipe muda wa chai moja." Zubeda akawasha yake. Nikaandika anwani ya ghalani sasa, namba kwa namba. Nikabisha. Kimya. Nikabisha tena. Yakatokea yale maneno ya Kizungu ya kusema tumesubiri, hakuna aliyeitika. Shati la Nakonde likanata mgongoni. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea: "Shija, ukiona kimya usiipige ngumi kompyuta. Inuka, fuata waya kwa miguu." Nikainuka. Nikaufuata waya macho juu, nikavuka uwanja katikati ya vicheko, nikaingia ghalani, nikapiga magoti nyuma ya kompyuta ya Zubeda penye vumbi la pumba. Kichwa cha waya ulichobana kilikuwepo. Kile kiplastiki cheupe kama kioo, na rangi zako ndani zimesimama wima.

Nilikaa pale, Deo. Zubeda alidhani natafuta kitu kilichoanguka. Nilikuwa natazama mkono wako.

Halafu nikakusikia kabisa, ile hadithi yako ya harusi. Jozi nne za wanandoa zimekaa benchi moja: Chungwa na mkewe, Kijani na mkewe, Buluu na mkewe, Kahawia na mkewe, wake wote wamevaa nyeupe yenye mistari ya rangi ya mume. Na Kijani kanuniana na mkewe, kila mmoja kageukia kwake, Buluu na mkewe wamejibana katikati yao kuwasuluhisha. Nilikuwa nacheka hadithi hiyo kila mara, sikujua kwamba ni mpangilio wa rangi za waya unanifundisha. Na mimi kwa huruma yangu kule kwa mhasibu nilikuwa nimemkalisha Kijani na mkewe pamoja! Nimewapatanisha! Moyo wangu mzuri ndio uliokata mawasiliano ya ushirika mzima.

Nilikimbia kuvuka uwanja. Nikamwomba shemeji koleo. Alifungua vibanio, akanipa, nikakata kichwa changu cha kwanza. Nikawaachanisha Kijani na mkewe, nikawaweka wasuluhishi katikati, nikabana mpaka koleo likalia. Nikachomeka. Ile taa niliyosema imeungua ikawaka, inapepesa kama jicho la mchokozi.

Nikabisha. Ghala likaitika! Sikuruka, Deo, nakuapia. Ulisema nisicheke mpaka na wa upande wa pili amebisha. Nikarudi ghalani, nikabisha kutoka kule. Na mhasibu akaitika. Ndipo nikapiga kelele, na wewe unaijua sauti yangu, nadhani mpaka mtoni walisikia. Zubeda akaandika gunia la yule mzee, na Mama Kalista akaliona palepale kwenye kiti chake, akapiga yowe: "Limekuja! Limekuja lenyewe!" Wale waliokuwa wananicheka walininyanyua juujuu, na uzito wangu huu!

Nilipowekwa chini shemeji alikuwa amesimama mlangoni pa ghala. Akauliza, "Alichobana Deo ni kipi?" Nikamwonyesha. Akainama, akakigusa kwa kidole kimoja. Kisha akanipa sanduku, akasema, "Kesho fungua mapema. Na hilo shati usije nalo, unafukuza wateja." Akavuka uwanja, anacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Basi nakuaga, mtani wangu, stuli inanisubiri. Nakuahidi kitu kimoja. Waya ule una mkono wako mwanzo na wangu mwisho. Siku ukisumbua, nitakata upande wangu nibane upya, hata mara mia. Upande wako hauguswi na mtu, na atakayejaribu ataonana na mabega.

Na barua hii, hodi yangu ya leo, usiiitike, tafadhali. Nakupenda sana, lakini ukiitika tu, mimi na baiskeli yangu tutakimbia, utatukuta Mlimba.

Shija wako, fundi.