Shairi la Kila Siku kwa Mtu Asiyejibu

Jumapili jioni, Ipogolo. Baridi ya mwezi wa sita imeingia mapema, na jua lenyewe leo lilichungulia tu likaondoka. Nimekaa jikoni kwa mama, miguu karibu na mafiga, sweta mbili mwilini, na bado natetemeka. Muuza masweta mzima!

Nina furaha, shajara. Nina furaha na nimechoka kulia, kwa hiyo leo nitaandika ovyo. Nivumilie.

Wanaonisoma hapa tangu Januari wanajua mradi wangu: kusoma shairi moja kila siku, mwaka mzima. Watu wamenipongeza sana kwenye maoni. Hongera dada, unakuza lugha yetu. Jamani! Sikuanza kwa ajili ya lugha. Nilianza kwa ajili ya baba.

Baba alipata kiharusi mwaka jana. Mguu umerudi kidogo, mkono bado, maneno yamegoma. Limebaki neno moja tu: sawasawa. Ukimwamkia shikamoo, sawasawa. Ukimuuliza uji au chai, sawasawa. Akikasirika ni sawasawa hiyo hiyo, ila kwa sauti kubwa. Huyu ni mtu aliyefundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka akastaafu, aliyekuwa akitusahihisha ngeli hata tukiwa tunagombana.

Nesi alituambia tumzungumzishe kila siku. Mama yuko naye hapa, anamsemesha kutwa nzima. Mimi niko Mbeya, nauza mtumba soko la Mwanjelwa, kwa hiyo zamu yangu ni ya simu. Sasa wewe jaribu kumpigia simu mtu mwenye neno moja. Umeamkaje baba, sawasawa. Umekula, sawasawa. Baada ya hapo kimya, nami nabaki nimeshika simu natafuta cha kusema. Ndiyo maana mwaka ulipoanza nikaamua nitakuwa namsomea shairi. Angalau nitakuwa na maneno mdomoni.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijafungua belo la nguo, napiga. Mama anaweka spika, nasoma. Vitabu nimeviokota kwa wauza vitabu vya zamani, mashairi mengine nayatoa magazetini. Kuna siku nimesoma kwa moyo wote. Kuna siku nimesoma huku nachambua masweta na mteja ananiuliza bei, nikachagua fupi makusudi. Lakini sijaruka hata siku moja, kwa sababu niliamini iko asubuhi atakayosema "Sekela". Jina langu tu. Sikuomba hotuba.

Hakusema.

Mwezi huu akaanza kukataa simu. Napiga, mama ananiambia, "Baba yako amelala." Nami namsikia akikohoa pale pale. Mtu aliyelala hakohoi kwa hasira namna ile. Niliumia, sitaficha. Tumpe, jirani yangu wa kibandani, akanishauri, "Dada, mwache mzee wa watu apumzike. Mashairi kila siku, hata mzima angechoka." Nikacheka naye, kisha nikajifanya natafuta kitu ndani ya belo ili asione uso wangu.

Jana nikapanda basi nikaja. Nilitaka nimsomee uso kwa uso, nione mwenyewe. Nikikuta kweli namchosha, mradi unafia hapo hapo. Jana jioni nikamsomea shairi la mvua, zuri ajabu, nilikuwa nimelitunza kwa ajili ya safari hii. Baba akageuzia uso ukutani. Hata sawasawa hakusema.

Nikafunga kitabu. Nilijisikia mgeni ndani ya nyumba yetu.

Leo mama ametoka ibadani, amevua kitenge chake cha kanisani, akakaa nami kumenya viazi. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na moto. Mama hana tabia ya kuzungukazunguka. "Gwe Sekela," akasema, "jana ulikuwa unasoma nini vile?"

"Shairi, mama."

"Shairi? Mi nikajua matangazo ya usharika kule kanisani. Nikawa nasubiri utaje na harusi."

Nikanuna. Yeye akaendelea kumenya. "Huyu baba yako toka ameanza kazi hajawahi kuvumilia shairi la kusomwa kavukavu. Mtoto akisoma hivyo alikuwa anamwambia kaa chini. Umesahau? Imba, mwanangu."

Nikamwambia kughani ni mambo ya watu wa pwani. Sisi huku Kiswahili tumekikuta shuleni. Nyumbani hapa mama anaanza na Kinyakyusa, baba alikuwa anajibu kwa Kihehe, mimi nachanganya vyote. Nikighani nitaonekana najifanya. Nimewaona wanaoghani kwenye simu, sauti inapanda, inateleza, inarudi. Yangu mimi ni ya kuitia wateja. Lakini ubishi ninao, basi nikajaribu. Nikafumba macho, nikapeleka sauti puani, nikaanza.

Baba akacheka.

Kwa upande mmoja wa mdomo, ndiyo, lakini alicheka mpaka mabega yakatikisika. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinavyosikika. Mama naye akaweka kisu chini akacheka hadi akafuta macho. "Mwe! Siyo hivyo! Kwani yeye alikuwa anaimba hivyo?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Baba naye hakuzijua tuni za pwani. Mhehe wa Idodi angezijulia wapi? Alichojua ni nyimbo za kanisani, maana alikuwa akiimba besi, ile sauti nzito ya chini, kwenye kwaya. Akagundua kwamba mstari wa shairi, mizani nane kwa nane, unaingia kwenye tuni ya kanisani bila kubana wala kupwaya. Kwa hiyo darasa lake lote liliimba mashairi kwa tuni za kanisani, pamoja na watoto wa Kiislamu, na sikumbuki mzazi aliyelalamika. Mimi nilikuwa humo darasani. Kulikuwa na shairi la baridi, alilolitunga mwenyewe, nalo lilikwenda kwa tuni ya wimbo wa Majilio, zile wiki za kuingojea Krismasi. Tuliliimba asubuhi za Juni tumeficha mikono kwapani.

Beti zimenitoka. Kituo ndicho kilichobaki, ule mstari wa mwisho unaorudiwa kila ubeti: Karibu kwetu baridi, jiko lipo linawaka.

Mama ndiye aliyeanzisha. Nikaingia naye, tukaungaunga maneno ya ubeti, palipotushinda tukasema la la la. Tulipofika kwenye kituo nikasikia besi.

"Karibu kwetu baridi, jiko lipo linawaka."

Maneno yote. Yamenyooka, hakuna lililogoma.

Mama akashika mdomo. Mimi nikapiga kelele, "Baba!" Akanitazama, akafungua kinywa kunijibu, ikatoka sawasawa. Akajaribu tena. Sawasawa. Akapiga paja kwa ngumi, machozi yakamtoka, nami nikaogopa kwamba nimemfungulia mlango ili nimfungie tena usoni. Nisimdanganye mtu hapa kwamba baba amepona. Hajapona. Akisema anakwama, akiimba anapita, na kwa nini iwe hivyo sijui. Nimemwambia mama amuulize nesi.

Lakini mama hakutupa nafasi ya kulia. Akaanza upya, kwa sauti ya juu zaidi, mkono mmoja ukiongoza kama yuko mbele ya kwaya. Tukaimba ubeti wetu wa la la la. Kwenye kituo akaninyooshea kisu cha viazi ninyamaze, na yeye akanyamaza. Tukamwachia baba.

Akavuta pumzi. Hakutazama moto. Alinitazama mimi.

"Karibu kwetu Sekela," akaimba, "jiko lipo linawaka."

Miezi yote hii nilikuwa nalisubiri jina langu lije kwa simu, likiwa peke yake, kama jibu la shikamoo. Limekuja na tuni ya Majilio, mwezi wa sita, mikono yangu ikiwa na maganda ya viazi. Nilimwangukia magotini nikalia kama mtoto, na yeye akanipapasa kichwa kwa ule mkono mzima, akisema sawasawa, sawasawa.

Viazi tumekula saa kumi, vimevurugika na havina chumvi. Hakuna aliyelalamika.

Sasa baba amesinzia kweli, hakohoi, na mimi nawaza. Kumbe tangu Januari namsomea mwalimu wangu kavukavu, kila asubuhi, naye hana hata neno la kuniambia kaa chini. Ningekuwa mimi ningeitupa hiyo simu dirishani. Na bado alivumilia hadi mwezi huu.

Kesho narudi Mbeya, na mradi unaendelea. Kinachonipa wasiwasi ni pale kibandani. Asubuhi Mwanjelwa kila mtu anapaza sauti ya bei yake, na mimi nitakuwa nimesimama katikati ya masweta naimba Majilio. Tumpe atasema sasa mashairi yamenipanda kichwani. Aseme. Jioni hii nimeshachagua shairi la keshokutwa, nimehesabu mizani kwa vidole, na mama amenipa tuni inayoingia.

La kesho halihitaji kitabu. Asubuhi, kabla ya basi, nitakaa pale karibu na kiti chake nianze lile la baridi. Na Jumanne nitapiga simu, nitaimba ubeti wangu hadi mwisho, kelele za soko ziwe zilivyo. Nikifika kwenye kituo nitanyamaza, simu sikioni, nimsubiri baba.