Maji ya Chai ya Bwana Suti

Jumatatu, 5 Aprili 1976

Nimefagia, nimelisha kuku, nimempikia Cucu uji. Mvua tangu alfajiri. Loise amepita langoni akanisalimia kwa Kiswahili. "Habari ya asubuhi, Mama Muthoni." Nikageuka kutazama ni mpangaji gani yuko nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

Loise na mimi tuliolewa hapa Kawangware mwaka mmoja. Tumelima pamoja kabla hapajajaa mabati. Hatujawahi kuzungumza ila Kikuyu. Kiswahili ni cha wapangaji, cha bwana afya, cha mtu uliyekutana naye njiani. Mtu wa nyumbani husemeshwa hivyo akishawekwa nje.

Najua sababu. Jana kwenye mkutano wa wenye ploti niliuliza swali moja tu: choo kipya cha mzee wa kanisa kimechimbwa juu ya kisima au chini yake? Kila mtu akatazama viatu vyake. Mzee mwenyewe akasema tufunge kwa sala. Humu daftarini namwita Bwana Suti, kwa sababu huivaa hata akienda kukama ng'ombe. Kwa mdomo sijawahi kumwita hivyo na sitathubutu.

Naandika Kiswahili kwa sababu ya Cucu, mama wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye. Anasoma kila kitu cha Kikuyu, hata karatasi iliyofungia nyama. Kiswahili anasema ni kelele za sokoni, hakijui na hataki kukijua. Basi hapa niko salama.

Jumatano, 7 Aprili

Mtoto mwingine anaharisha katika ploti ya Bwana Suti. Kwenye bucha maneno ni yale yale: ni samaki. Ni hawa watu wa ziwa na omena zao. Anayesema hivyo ni mwenye bucha, ambaye nzi wake anawajua kwa majina.

Mama Otieno amepanga chumba kwa Bwana Suti na hukaanga samaki pale langoni. Leo alinishika mkono. "Mama, tumeambiwa tuhame mwisho wa mwezi. Sisi wote wa ziwa. Eti samaki yetu ndio inaleta ugonjwa. Na mtoto yangu ndio huyo amelala."

Nilimwambia achemshe maji. Basi. Akaniangalia sana. Sasa anajua kwamba najua.

Alhamisi, 8 Aprili

Nimekwenda kujionea. Kisingizio: kuku wangu amepotea. Vyumba vipya vimejengwa pale palipokuwa na choo cha zamani. Choo kimepandishwa juu ya mteremko, na kisima kiko pale pale chini. Wapangaji wote wanachota humo. Baada ya mvua maji yananuka. Pua inatosha.

Nimeona na jingine. Binti wa Bwana Suti alikuwa anarudi na debe kutoka kwenye tangi la kanisa. Na kisima hicho hicho kiko nyuma tu ya jiko lao. Aliponiona akabadili njia.

Jumamosi, 10 Aprili

Bwana Suti amekuja nyumbani. Alisali muda mrefu. Kisha akaongea Kikuyu, taratibu, kama watu wanavyoongea na mgonjwa. Jumanne kuna baraza la chifu na bwana afya atakuwepo. Wananitaka mimi, kiongozi wa akina mama wa kanisa, nisimame niseme tumeona samaki waliooza. Neno la mama litaaminika. Watu wa ziwa wataondoka na ugonjwa utaondoka nao. Na hakuna atakayeuliza tena habari za choo. Hilo la mwisho hakulitamka, lakini nililisikia.

Nikamletea chai. Akashika kikombe, akakirudisha mezani. Akauliza, "Maji haya ni ya wapi?"

Nikamwambia ni ya mvua, ya tangi langu. Ndipo akanywa. Akamaliza, akaomba kingine.

Cucu alikuwa pale pembeni anamenya njegere. Hakuinua kichwa. Sijui yuko upande gani. Bwana Suti humletea sukari kila Krismasi.

Nina hasira mpaka meno yananiuma.

Jumapili, 11 Aprili

Jumapili ya Mitende. Nimekaa peke yangu kwenye benchi. Loise ameimba akitazama ukuta. Nani amewaambia kwamba sijamkubalia mzee? Sikumwambia mtu. Labda ni uso wangu. Labda ni Cucu.

Naogopa. Nikisema, nitazeeka kati ya watu wasionitaka. Nisiposema, wale watoto wataendelea kunywa, na mama zao watafukuzwa kwa kosa la mwingine. Sitaki kwenda. Hata viatu vya kusimama navyo mbele ya watu sina, vimepauka.

Jumanne, 13 Aprili

Asubuhi nimekuta viatu vyangu mlangoni, vimepigwa rangi vinang'aa. Hakuna mwingine nyumbani ila Cucu. Hatujasemezana tangu juzi. Anataka nini? Pengine anataka nikaaibike nikiwa nadhifu.

Baraza. Desturi ni kwamba sisi wenyeji tunasema Kikuyu, karani anafasiri kwa Kiswahili. Karani ni mpwa wa Bwana Suti. Nilisimama. Nikasema kwa Kikuyu: choo kiko juu ya kisima, kifungeni hicho kisima, muwaache watu wa samaki.

Karani akafasiri: "Mama anasema usafi ni muhimu."

Bwana afya akatikisa kichwa kukubali. Wapangaji wakapiga makofi. Mama Otieno naye akapiga, polepole, akinitazama kama mtu anayemtazama msaliti.

Yale makofi ndiyo yaliyonimaliza woga. Nikasema tena, mwenyewe, kwa Kiswahili. Choo. Kisima. Debe la tangi la kanisa. Nikasimulia na ile chai. Mama Otieno akatoka mbio, akarudi na kikombe cha maji ya kisimani, akakiweka mbele ya mzee. Mzee hakukigusa. Watu walikitazama kile kikombe.

Hatimaye akanijibu, kwa Kikuyu. "Hata kama ni kweli, ungetuambia kwa lugha yetu."

Wenyeji wakaguna kumuunga mkono. Loise pia. Nimemsikia.

Kwao kosa langu si choo. Ni kwamba wapangaji wameelewa.

Alhamisi, 15 Aprili

Kinyesi langoni. Nimekizoa mwenyewe.

Uongozi wa akina mama nimevuliwa. Aliyetumwa kuniambia ni Loise, na ameniambia kwa Kiswahili, amesimama nje ya lango. Bwana afya aliondoka na maji ya kisima kwenye chupa. Kimya tangu hapo. Labda naye ameshanyweshwa chai mahali.

Mama Otieno amehamia Mashimoni, kule Kibera, hakungoja mwisho wa mwezi. Nimemkasirikia. Mimi nimepoteza watu wangu kwa ajili yake, naye anafunga virago. Kisha nimejionea aibu. Mtoto ni wake.

Najuta? Leo, ndiyo.

Ijumaa, 30 Aprili

Bwana afya alirudi juzi. Kisima kimefunikwa kwa mbao na mawe. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyeomba radhi. Watu wa ziwa waliobaki hawajafukuzwa. Mama Otieno amenitumia salamu kutoka Mashimoni: mtoto anacheza.

Wapangaji sasa wanachota tangini kwangu. Jioni Loise amekuja na debe lake, akasimama mwisho wa mstari. Tangi la kanisa limekauka, nadhani. Akanisalimia kwa Kiswahili, macho chini. Nikamjibu kwa Kiswahili. Bado inauma.

Cucu alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, bakuli la njegere mapajani. Akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Jaza, Loise. Na umwambie Bwana Suti hata yeye aje achote."

Loise akauliza Bwana Suti ni nani. Cucu akaendelea kumenya njegere. Jina hilo halijawahi kutoka nje ya daftari hili.

Sasa naelewa habari ya viatu.

Tumekula. Daftari hili sitalirudisha chini ya godoro. Naliacha mezani, karibu na miwani yake.