Bafa Zisizorudi

Jumatatu, 3 Machi

Seva ya simu za dharura ilizimika jana asubuhi. Dakika arobaini — hakuna simu iliyoingia! Zamu ilikuwa ya Kobe, kaka wa mke wangu. Kazi nilimtafutia mimi, na jina hilo nilimpa mimi, kwa anavyojivuta. Bosi anasema lazima kuna kitu alibonyeza. Kobe anasema hakugusa chochote. Nikarudi mezani kwangu.

Kila Jumamosi huwa naiwasha upya seva, ipumue. Juzi nilikuwa na homa, sikuiwasha.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshinda nikipima. Kila pakiti ya data ikiingia, kerneli, yaani kiini cha mfumo, huitengea bafa: kipande cha kumbukumbu. Kazi ikiisha, kipande kirudi. Saa mbili: megabaiti 210. Saa sita: 260. Saa kumi: 312. Hazishuki! Haba na haba. Basi miaka miwili nilikuwa nafunika kidonda tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeupata mstari wenye kosa katika programu. Pakiti mbovu ikija, programu inaitupa na kuisahau bafa yake. Mwandishi — mimi.

Kobe aliwahi kuweka kihesabio: bafa zilizotoka, bafa zilizorudi. Nilikifuta, eti kinachelewesha. “Kobe, utahesabu mpaka pumzi zetu?” Ofisi nzima ilicheka. Naye alicheka. Naona aibu.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu anasema kaka yake hali chakula. “Wewe si ndiye mjuzi, mwangalizie basi.” Nikajibu naangalia. Mwongo mkubwa, nimeshaona!

Nimerekebisha mstari kimyakimya. 208 tangu asubuhi, haijapanda. Sijafurahi hata kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao cha kumfukuza Kobe ni saa nne. Saa tatu u nusu alikuja mezani kwangu, akaweka daftari. Nilipofuta kihesabio chake, aliendelea kuhesabu kwa mkono! Kila Ijumaa jioni, kabla sijaiwasha upya. Ukurasa wa mwisho, nambari ya mstari wangu, imezungushiwa duara. Tarehe ni ya Juni mwaka jana.

Nikamuuliza mbona hakusema.

“Nilianza kusema, shemeji. Mkacheka.” Kisha akasema dada yake asisikie kuwa kosa ni langu, na kwamba daftari ni hilo tu, halina nakala.

Kaingia kikaoni mikono mitupu. Bosi ananiita. Daftari ninalo, droo iko wazi —